Mjuzi na Gharama ya Ujuzi Wake: Swali la Maadili katika Filamu za Soumitra Chatterjee

Iwapo kulijua jema kunatosha kumfanya mtu alitende ni swali kongwe katika falsafa ya maadili, na wanafikra wamelijibu kwa namna zinazokinzana. Sokrate, kama anavyosawiriwa katika maandishi ya Plato, alishikilia kwamba hakuna mtu atendaye uovu huku akiujua barabara kuwa ni uovu, na kwa hiyo kila kosa ni zao la ujinga. Aristotle, kwa upande wake, alikiri kuwapo kwa hali iitwayo akrasia, yaani udhaifu wa nia, ambamo mtu huliona lililo bora na bado akafuata lililo duni. Katika Bhagavad Gita, mojawapo ya maandiko makuu ya Uhindu, Arjuna humuuliza Krishna ni nguvu gani imsukumayo mtu kutenda dhambi asiyoitaka, na hujibiwa kwamba ni tamaa na ghadhabu. Na katika Uislamu wanazuoni wa kariba ya Ghazali walisisitiza kwamba elimu isiyofuatwa na amali haimfai mwenye nayo. Majibu yote haya humtazama mjuzi mwenyewe: akili yake, nia yake, nafsi yake na hatima yake. Filamu za mwigizaji wa Kibengali Soumitra Chatterjee, zikitazamwa kwa pamoja, huligeuzia swali hilo upande wa pili, kwa kuwa huuliza ni nani anayelipa pale ambapo mjuzi hatendi.

Chatterjee alizaliwa Kolkata tarehe 19 Januari 1935, akakulia katika mji wa Krishnanagar, akasomea fasihi ya Kibengali katika City College, na kabla ya kuingia katika sinema alikuwa mtangazaji wa redio ya taifa ya India huku akijifunza sanaa ya jukwaa kwa kumfuata Sisir Bhaduri, gwiji wa tamthilia za Kibengali. Mwaka 1959 mwongozaji Satyajit Ray alimpa uhusika wa Apu aliyekwisha kuwa mtu mzima katika filamu ya Apur Sansar, na tangu hapo akaigiza katika filamu 14 za Ray, pamoja na kazi nyingi za waongozaji wengine kama Tapan Sinha, Mrinal Sen na Ajoy Kar. Nje ya sinema alitunga mashairi, akaandika na kuongoza tamthilia, na pamoja na Nirmalya Acharya akahariri jarida la fasihi lililoitwa Ekshan. Alipofariki tarehe 15 Novemba 2020, akiwa na umri wa miaka 85, alikuwa amekwisha kutunukiwa Tuzo ya Dadasaheb Phalke, ambayo ndiyo heshima ya juu kabisa ya sinema nchini India.

Inaweza kusemwa kwamba mawazo ya filamu ni mali ya mwongozaji na mwandishi, wala si ya mwigizaji, na kwa kiasi kikubwa kauli hiyo ni kweli. Lakini kuna mambo ambayo maandishi hayawezi kuyafanya bila sura maalumu ya kuyabeba. Mwenzake maarufu zaidi, Uttam Kumar, ambaye Wabengali walimwita Mahanayak, maana yake shujaa mkuu, alikuwa nyota ambaye watazamaji walimwendea kwa sababu ya haiba yake mwenyewe. Chatterjee aliaminika kwa sababu nyingine: sura ya kisomi, sauti ya upole na macho yanayoonekana kufikiri kabla ya mdomo kunena, sifa ambazo Wabengali walizihusisha na tabaka la bhadralok, yaani waungwana waliopata elimu ya kisasa chini ya utawala wa Waingereza na kujiona kuwa walezi wa utamaduni wa jamii yao. Alipojiandaa kumwigiza Amal katika Charulata (1964), filamu ambayo hadithi yake ni ya karne ya 19, Ray alimtaka aubadilishe mwandiko wake ili ufanane na ule wa zama kabla ya athari ya mshairi Rabindranath Tagore, na kijana yule akaketi kuzizoesha herufi upya mpaka mkono wake ukakubali. Uangalifu wa namna hiyo ulimfanya mtazamaji amwamini msomi aliyemwona kwenye skrini, na kwa kumwamini akajikuta yuko upande wake hata pale msomi huyo anaposhindwa. Mhusika mwoga anayedharaulika tangu mwanzo hafundishi kitu, kwa sababu mtazamaji humhukumu akiwa amekaa mbali naye, ilhali mwoga anayependeka humlazimisha mtazamaji kujihoji.

Mfano mzito kuliko yote uko katika Devi (1960), filamu inayosimulia mkasa wa Bengal ya karne ya 19 katika kijiji cha Chandipur. Kalikinkar, mzee tajiri wa ukoo wa zamindari, yaani wamiliki wa ardhi waliokusanya kodi kwa wakulima, anaota ndoto inayomwonyesha kwamba Doyamoyee, mke wa mwanawe mdogo, ni mungu wa kike Kali aliyeshuka katika mwili wa binadamu, na anapoamka anamwangukia miguuni binti huyo ambaye bado ni kijana mno. Mume wa binti, Umaprasad, aliyeigizwa na Chatterjee, yuko masomoni Kolkata, ambako amekumbatia fikra za mageuzi zilizotokana na Brahmo Samaj, jumuiya iliyoasisiwa na Ram Mohan Roy mwaka 1828 na kupinga ibada ya masanamu, na hata anamtia moyo rafiki yake anayetaka kumwoa mjane, jambo ambalo desturi ya wakati ule ililichukia sana. Anaporejea kijijini anamkuta mkewe ameketishwa mahali pa kuabudiwa, amezingirwa na mashada ya maua na moshi wa ubani, na mbele yake umelazwa mwili wa mtoto mgonjwa wa mtu maskini. Kisha mtoto huyo anazinduka, na umati unapata ushahidi ulioutaka.

Umaprasad anajua kwamba baba yake amekosea, na ujuzi wake hauna dosari. Usiku anamtorosha mkewe hadi kando ya mto, ambako mashua ingeweza kuwachukua kwenda mjini, lakini hapo Doyamoyee anasita, kwani kwenye mchanga kumebaki kiunzi cha sanamu ya ibada, miongoni mwa zile zinazofinyangwa kwa udongo juu ya majani makavu na kuzamishwa mtoni sikukuu inapokwisha. Anapokiona kiunzi hicho, hofu inamwingia kwamba huenda kweli yeye ni mungu, na kwamba akikimbia atamletea mumewe balaa. Umaprasad anamrudisha nyumbani, kisha anarudi peke yake Kolkata kutafuta ushauri wa mwalimu wake; na anapopata ujasiri wa kurejea, mtoto wa kaka yake amekwisha kufa, kwa kuwa badala ya kuachiwa daktari alikabidhiwa kwa binti anayeabudiwa, naye Doyamoyee amepoteza akili.

Tafsiri ya kawaida huiona Devi kuwa filamu inayoshambulia ushirikina, na ilipotoka baadhi ya Wahindu waliichukulia kuwa tusi kwa dini yao. Tafsiri hiyo ni finyu, kwa sababu Kalikinkar si mnafiki, anampenda mkwewe kwa dhati, na analipa gharama ya imani yake kwa kufiwa na mjukuu wake kipenzi. Asiyelipa chochote mpaka dakika ya mwisho ni yule anayejua ukweli. Umaprasad anabishana na baba yake kama anayetetea hoja mbele ya wasomi wenzake, na kosa la mzee analiona kuwa kosa la fikra linaloweza kusahihishwa kwa fikra, ilhali swali lililo hai ni jinsi mkewe atakavyoishi siku hadi siku akiwa ameketi kwenye jukwaa la ibada. Anamwacha humo, naye anaondoka na ujuzi wake ukiwa salama. Chatterjee anaigiza kuondoka huko bila unafiki wowote, kwa uso wa mtu aliyeumia kweli, na hapo ndipo ulipo ukali wa filamu, kwa sababu maumivu ya mjuzi hayapunguzi hata chembe ya mzigo wa aliyeachwa.

Deni hilo hilo linajirudia katika kazi nyingine. Apu, baada ya mkewe Aparna kufariki wakati wa kujifungua, anajua kwamba mtoto hana hatia, na bado kwa miaka kadhaa anamkimbia, hivi kwamba huzuni ya baba inalipwa na utoto wa Kajal, anayekua bila kumjua aliyemzaa. Katika Kapurush (1965), ambayo jina lake lina maana ya mwoga, mwandishi wa filamu Amitabha anaharibikiwa na gari katika eneo la mashamba ya chai na kupewa hifadhi na mkulima ambaye mkewe, Karuna, alikuwa mpenzi wake wa zamani. Miaka ya nyuma Karuna alimfuata chumbani akiwa tayari kuolewa naye mara moja kabla ndugu zake hawajamhamisha mji, na Amitabha, aliyempenda na aliyejua jibu sahihi, akaomba muda wa kufikiri. Sasa anamsihi aondoke naye na kumsubiri kituo cha treni, na Karuna anafika, lakini anachotaka ni kurudishiwa dawa zake za usingizi ambazo Amitabha aliziazima usiku uliotangulia. Dawa zile zinamwambia mtazamaji yale ambayo Karuna hayasemi: tangu Amitabha alipoomba muda, ni Karuna aliyekosa usingizi.

Filamu mbili nyingine zinalipanua swali kutoka nyumba hadi taifa. Katika Ghare Baire (1984), iliyotokana na riwaya ya Tagore kuhusu vuguvugu la Swadeshi, yaani harakati za kususia bidhaa za kigeni baada ya Waingereza kuigawa Bengal mwaka 1905, Chatterjee ni Sandip, msemaji hodari anayewataka watu wazichome nguo za kigeni huku wachuuzi maskini, wengi wao Waislamu, wakipoteza riziki na yeye akiendelea kuishi kwa ukarimu wa mwenyeji wake tajiri. Sandip ni kinyume cha Umaprasad kwa kuwa anatenda sana, lakini wote wawili wana mwenendo mmoja wa kuwaachia wengine hasara. Katika Ashani Sanket (1973), filamu kuhusu njaa ya Bengal ya mwaka 1943 iliyotwaa tuzo ya Dubu wa Dhahabu katika tamasha la Berlin, Chatterjee ni Gangacharan, Mbrahmini, yaani mtu wa tabaka la makuhani, ambaye kijijini ni mwalimu, tabibu na msomaji wa dua kwa wakati mmoja. Anapoombwa kuukinga ugonjwa wa kipindupindu anafanya tambiko, kisha anachomeka ndani yake maagizo ya usafi wa maji na chakula aliyoyatoa kitabuni, akijua fika ni lipi kati ya hayo mawili lenye nguvu, na anapokea ujira kwa yote. Mchele unapoadimika, ujuzi huo haununui kitu. Na anapokufa kwa njaa Moti, mwanamke wa tabaka ambalo Mbrahmini hapaswi hata kuligusa, Gangacharan anaamua kwamba maiti yake haitaachiwa mbweha. Uamuzi huo unamgharimu usafi wa kidini ambao ndio uliokuwa mtaji wake, na ndio wakati wa kwanza ambapo anajua jambo na kulilipia mwenyewe.

Pingamizi la haki ni kwamba hukumu hii inawaonea watu waliofungwa na mfumo: Umaprasad alimtegemea baba yake kwa kila senti, sheria na desturi zilimpa mzee mamlaka ya nyumba nzima, na kumtaka kijana mmoja avunje peke yake kilichojengwa kwa karne nyingi ni kumtwisha mtu mmoja dhambi ya jamii. Pingamizi hilo lina uzito, na filamu zenyewe zinalikubali, kwa sababu hakuna hata moja inayomgeuza mjuzi aliyeshindwa kuwa mwovu. Hata hivyo, ugumu wa mfumo unaeleza kwa nini gharama ni kubwa, bila kueleza kwa nini alipishwe Doyamoyee.

Jibu kamili zaidi lilikuja miaka 29 baada ya Devi, katika Ganashatru (1989), ambayo Ray aliitohoa kutoka tamthilia ya Henrik Ibsen kuhusu daktari anayeitwa adui wa umma. Mji wake unaitwa tena Chandipur, na Chatterjee, sasa akiwa na miaka 54, ni Daktari Ashoke Gupta, anayegundua kwamba ugonjwa wa manjano unaowaangusha wagonjwa unatokana na maji ya hekalu, ambayo mahujaji huyanywa kama charanamrita, yaani maji matakatifu yaliyooshea miguu ya sanamu ya mungu. Wakubwa wa hekalu wanamjibu kwamba maji yenye jani la tulsi, mmea mtakatifu kwa Wahindu, hayawezi kuchafuka, huku ndugu yake, kiongozi wa manispaa, akihofia mapato ya mji. Anapoulizwa hadharani kama yeye ni Mhindu hakani dini yake, bali anakataa kwamba utakatifu wa maji uondoe haja ya kuyapima, na kwa kusema hivyo anapoteza kazi, jina na usalama wa nyumba yake.

Hapa pana tatizo ambalo halipaswi kufunikwa, kwani mkewe Maya na binti yake Indrani nao wanaumia kwa sababu yake, na kama kipimo cha wema kingekuwa mjuzi kulipa peke yake, basi daktari angekuwa ameshindwa kama Umaprasad. Tofauti iko kwenye ridhaa. Doyamoyee hakuulizwa na baba mkwe alipofanywa mungu, wala hakusikilizwa kwa subira na mumewe alipoogopa. Karuna aliuliza, akaambiwa asubiri. Kajal alikuwa mtoto mchanga. Maya na Indrani wanaambiwa ukweli, wanajua hatari yake, na wanaamua kusimama naye, kama wanavyoamua baadaye vijana wanaofika kumuunga mkono. Ibsen alimalizia kwa kumsifu mtu mwenye nguvu asimamaye peke yake, lakini Ray alimzungushia daktari wake watu waliochagua kuwa hapo, na kwa badiliko hilo akaondoa kishawishi cha kuufanya ujasiri kuwa fahari ya mtu binafsi.

Kwa hiyo jibu linalopatikana katika kazi hizi halimpi ushindi Sokrate wala Aristotle. Wahusika wa Chatterjee wanaoshindwa hawakosi elimu, na si wote walio dhaifu wa nia. Wengi wao wameufanya ujuzi kuwa pambo la hadhi, kitu cha kumiliki kama nyumba au jina la ukoo, na mwenye mali hukwepa kwa kawaida kuihatarisha. Ujuzi wa jema unaanza kuwa wa kimaadili pale mwenye nao anapojiuliza hasara ya ukimya wake itamwangukia nani, anapomwuliza mtu huyo kabla ya kuamua kwa niaba yake, na anapokubali kuwa wa kwanza kulipa hata kama hatakuwa wa pekee.