Mkono wa Mfasiri

Mwaka 1859, jijini London, kilitoka kijitabu cha beti 75 kisicho na jina la mfasiri. Hakikununuliwa, kikaishia katika sanduku la vitabu vya peni moja, hadi kilipookotwa 1861 na kumfikia mshairi Rossetti. Ndizo Rubaiyat za mshairi wa Kiajemi Omar Khayyam, na mfasiri alikuwa Edward FitzGerald, aliyefundishwa Kiajemi na rafiki yake Edward Cowell, mdogo kwake kwa umri.

Wapo wasemao huyo hakufasiri, alibuni. Wana hoja. Kwa Waajemi kila rubai, yaani ubeti wa mistari minne, hujitegemea. Yeye alizipanga ziwe siku moja, toka mapambazuko hadi mwezi kuchomoza, na pengine akayeyusha mbili kuwa moja. Baya zaidi, baruani alikiri kwamba Waajemi hawakumtisha, maana aliwaona wanahitaji kutiwa ufundi kidogo. Hiyo ni dharau ya zama za himaya, wala sioni sababu ya kuifunika. Hata hivyo, msomi Edward Heron-Allen alipolinganisha beti za FitzGerald na miswada, mwaka 1899, alikuta karibu nusu yazo zimetoka moja kwa moja katika rubai za Kiajemi. Vina pia FitzGerald alivihifadhi: mstari wa tatu huachwa huru, mingine mitatu ikifungamana. Mzushi mtupu asingejisumbua hivyo. Na mshairi Shaaban Robert alipomleta Khayyam katika Kiswahili, alipitia mlango huohuo wa FitzGerald, naye akatia mkono wake.