Mikono Yao Ilikuwa Wapi?

Wapenzi wa muziki wakikaa kuzungumza, swali halikawii kuibuka: katika nyimbo zisizo na ngoma, gitaa wala kinanda, zile vijana wanazoziita akapela, wewe unapenda zipi? Majibu ninayoyasikia mara nyingi ni majina ya vikundi vya mbali vyenye sare na vipaza sauti. Jibu langu linaanzia kata ya Shishiyu, wilayani Maswa, katika shamba la pamba, Januari, wakati wa palizi.

Mgeni akisikia nyimbo za kilimo za Wasukuma hufikiria bugobogobo: majembe yanarushwa na kudakwa, ngoma zinanguruma, vumbi linatimka. Ngoma hiyo ni tamu, na kwenye sikukuu ya Bulabo pale Bujora huwezi kupata nafasi ya kusimama. Lakini bugobogobo ina wapigaji, maana yake siku hiyo wapo watu ambao kazi yao si kulima. Kwenye palizi ya kawaida, shamba la jirani aliyeomba nguvu za watu, hakuna wa kusimama pembeni na magongo ya ngoma. Kila mwenye mikono ameshika jembe, na wimbo hauna pa kutokea isipokuwa kifuani.

Tangu nilipoligundua hilo, nyimbo za sauti tupu nazipima kwa swali moja: mikono ya waimbaji ilikuwa wapi?

Sikiliza wimbo wa palizi unavyojengwa. Ningi, ndiye mtunzi na mwanzishaji, huanza peke yake, sauti iko juu kidogo, maneno mengi yanakimbizana. Wenzake humpokea chini kwa sauti nzito, na kiitikio huangukia palepale jembe linapoingia ardhini. Mwendo wa wimbo haupangwi na mtu. Unapangwa na udongo. Kwenye luseni, ule udongo wa kichanga, jembe huzama upesi na wimbo hukimbia nalo. Kwenye mbuga iliyolowa, udongo mweusi hung'ang'ania jembe kama mdai, na wimbo lazima usubiri mpaka jembe liachiwe. Nimewahi kuusikia wimbo mmoja katika mashamba mawili nikadhani ni nyimbo mbili. Sijakutana na mwalimu wa kwaya awezaye kupanga mwendo wa namna hiyo, hata awe na cheti.

Plau la ng'ombe limeziondoa nyimbo hizi kwenye kulima. Anayeshika plau anazungumza na ng'ombe, kwa mluzi na fimbo, na ng'ombe hawaitikii kiitikio. Zimebaki kwenye palizi, ambako wengi bado wanatumia jembe la mkono, na huko nako kijana mmoja huja na spika ya kuchaji akaitundika mtini. Basi ikipigwa singeli ndipo unaona vituko, kwa sababu hakuna jembe duniani linaloweza kwenda na kasi ya singeli. Kila mtu hurudi kwenye mwendo wake, mstari unakatika, wa mbele wanaongea yao na wa nyuma wanachati.

Mmarekani Frank Gunderson, mtafiti wa muziki aliyekaa Usukumani, alichapisha mwaka 2010 kitabu kinene chenye nyimbo za kazi za Wasukuma zaidi ya 300. Za kulima zimo, lakini zimo pia za wawinda tembo, za wakamata nyoka na za wapagazi wa misafara. Wazee wa huku bado wanasimulia safari za kufuata chumvi Ziwa Eyasi, mwendo wa siku nyingi kwa miguu. Ukiwa na mzigo kichwani mkono mmoja unaushikilia na mwingine una fimbo. Ngoma ungeishikia wapi? Na mama anayesaga mtama juu ya jiwe, mtoto mgongoni, hahitaji hata kuulizwa. Jiwe linamgongea mapigo, mtoto analala kwa wimbo uleule unaosukuma unga. Kwangu huo ndio wimbo wa pili katika orodha yangu, baada ya ule wa palizi, ingawa mashine za kusaga zimeufanya kuwa adimu.

Wa tatu nitachekwa kwa kuutaja: Wimbo wa Taifa. Siusemei ule wa bendi ya polisi uwanjani. Nausemea ule wa mstarini shuleni, asubuhi, watoto wamebana mikono ubavuni. Mwanafunzi wa zamu anauanza, na kwa kuwa ameamka na nguvu anauanza juu mno. Ubeti wa kwanza unapita. Wa pili unapofika mahali pa kupanda, nusu ya shule inabaki inafungua midomo tu, wavulana wa darasa la saba wanashuka chini kuokoa heshima, na bila mtu kufundishwa sauti ya pili inazaliwa. Nadhani Enoch Sontonga asingeshangaa. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, na wimbo ule aliutunga mwaka 1897 kwa ajili ya wanafunzi wake. Ulizaliwa kwenye kwaya ya shule kabla haujawa sala ya wapigania uhuru, na kabla Tanganyika haijauchukua kwa maneno ya Kiswahili ilipopata uhuru mwaka 1961.

Mchakamchaka nao, wimbo wa mbio za shuleni, nauweka jirani na huo. Mistari yake ni mifupi kwa sababu pumzi ni fupi. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimwingiza Idi Amin katika nyimbo hizo, na watoto ambao baba zao hawakuwa wamezaliwa wakati huo wanamkimbiza mpaka leo kuzunguka uwanja wa mpira.

Kwa nje ya mipaka yetu sitakwenda mbali na njia niliyoianza. Joseph Shabalala na kundi lake la Afrika Kusini, Ladysmith Black Mambazo, walijulikana dunia nzima baada ya kuimba na Paul Simon katika albamu ya Graceland, mwaka 1986. Wengi huwasifu kwa besi zao nzito. Mimi huwaangalia miguu. Mtindo wao ulikulia katika mabweni ya wafanyakazi wahamiaji, watu waliotoka vijijini kwenda kuchimba madini na kutumikia miji, na inasimuliwa kwamba walicheza kwa kunyata ili wasiwaudhi walinzi. Ngoma isingewezekana hapo. Kila ninapowasikia wakishusha sauti hadi karibu na mnong'ono nakumbuka kwamba mnong'ono ule ulikuwa na sababu.

Sasa nifike kwa Wasabato, maana wao wanakiharibu kipimo changu chote.

Jumamosi, ukipita karibu na kanisa lao katika mkoa huu wa Simiyu, utasikia wanne au kumi na wanne wakiimba kutoka kitabu cha Nyimbo za Kristo, au wimbo walioutunga wenyewe, bila chombo chochote. Mikono yao haina kazi. Hakuna jembe, hakuna mzigo, hakuna mlinzi wa kumwogopa, na vinanda vinauzwa Bariadi mjini kwa anayevitaka. Wamechagua tu. Mwalimu anaguna nota kwa kila sauti, soprano, alto, teno, besi, anahesabu kwa kidole, kisha wanaingia. Mimi si Msabato, lakini nimesimama nje ya dirisha hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kujieleza kwa mchungaji wangu.

Kinachonishika pale ni kuona watu wakisikilizana usoni. Teno anamtazama besi mdomoni. Alto aliyepotea harudi kwa kelele, hunyamaza nusu mstari, humtegea sikio jirani, kisha huingia tena. Kwaya yenye kinanda haihitaji hayo. Mapigo yamekwisha kurekodiwa, na hata ukipotea mashine itakufikisha mwisho. Sina ugomvi na vinanda. Hata Sauti Sol wa Nairobi walianza kwa sauti tupu mwaka 2005 kabla ya gitaa kuingia, na gitaa halikuwapunguzia kitu.

Kuna jambo wataalamu hulihesabu kuwa kasoro: kwaya isiyo na chombo hushuka. Wanaanza mahali, na kufikia ubeti wa nne wako chini ya walipoanzia. Walimu wa kwaya hukasirika sana. Mimi nasema, kama wameshuka wote pamoja, na hakuna aliyeachwa juu peke yake, tatizo liko wapi? Mpaka mtu aje na kinanda kuwakagua, hakuna atakayejua.

Nirudi Shishiyu, kwenye kejeli, kwa sababu nyimbo za palizi si za kusifu tu. Ningi ana ruhusa ambayo mwenyekiti wa kijiji hana: anaweza kumsema mvivu kwa jina mbele ya watu wote, na aliyesemwa lazima aitikie kiitikio. Msimu mmoja nilikwenda na daftari, nikakaa chini ya mti nikiandika maneno ya wimbo niliosikia ukiimbwa na kina mama. Nilisalimia vizuri, mwangaluka, wakaitikia vizuri. Baada ya muda nikaona ubeti umebadilika. Walikuwa wakiulizana ni mtoto wa nani huyu anayepalilia karatasi, na atavuna nini. Kiitikio kilikuwa kicheko kitupu, kimepangwa sauti mbili. Nikafunga daftari, nikaomba jembe. Ubeti hawakuufuta. Waliongeza mwingine, wa namna ninavyolishika.