Je, Mkongojo ni Kumtupa Mzee?

Wako wasemao kwamba mzee akitiliwa vyuma vya kushikia ngazini na chooni, akapewa na mkongojo wa miguu minne, basi wanawe wamekwisha kumtupa. Sisi hatuoni hivyo. Katika majumba yetu ya mawe, yenye ngazi za kupanda wima, mzee aliyedhoofika magoti huwa mfungwa wa ghorofani, amngoje mjukuu hata kwa kutawadha. Je, mtu mzima kubebwa hadi chooni ndiyo heshima, na kujisitiri mwenyewe ndiko kutupwa? Nabii Musa naye alikuwa na fimbo yake ya kuegemea. Kweli, chuma hakimwamkui mtu asubuhi. Hiyo ni kazi ya mwana, ambaye sasa ataketi azungumze na babake badala ya kumvuta mkono.