Fedha ya Shamba la Shule ni Mali ya Nani?

Wako Wakristu wanaodhani ya kuwa sala na Sakramenti ndizo mambo ya Mungu, bali daftari la hesabu ni jambo la wafanya biashara. Mawazo hayo yana hatari. Bwana Yesu na Mitume wake walikuwa na mfuko wa fedha, na Yohane Mwinjili asimulia ya kuwa aliyeushika alikuwa Yuda, naye alikuwa akiiba yaliyotiwa humo. Basi mfuko wa sadaka huweza kumwangusha mtu, hata akiishi karibu na Mwokozi.

Katika nchi ya Lualaba jambo hili si geni. Masista wa Mchungaji Mwema walifika Kolwezi mwaka 2012, wakakuta watoto wengi wakiokota na kuosha mawe ya shaba na kobalti badala ya kusoma. Wakawafungulia masomo, tena wakawasaidia wazazi kushika kilimo, kwa maana mtoto hatoki shimoni ikiwa nyumbani hakuna bukari. Kazi ya namna hii hailipwi na wanafunzi. Hulipwa kwa sadaka za watu wa karibu na wa mbali. Na po pote sadaka inapogeuzwa kuwa shamba la kufundishia, iwe Kolwezi, iwe huku Mutshatsha kwenye njia ya reli iendayo Dilolo, maswali ni yale yale.

La kwanza ni hasara. Mkulima wa soko hupanda kwa mkono uliozoea. Shamba la shule hupandwa na mikono inayojifunza: mbegu tano huanguka katika shimo moja, palizi huchelewa kwa sababu asubuhi ni ya darasa, na mwalimu hupewa mshahara hata mvua ikikataa. Wasemao, “Shamba hili linakula fedha, lifungwe,” wamesahau ya kuwa zao lake la kwanza ni mtu ajuaye kulima. Lakini iko hasara nyingine, ya gunia lililotoka ghalani usiku. Kwa macho hasara hizi mbili hufanana: ghala ni tupu. Daftari lililoandikwa siku ile ile ndilo lizitengalo. Kwa hiyo Sheria ya Eklezya ya mwaka 1983 yawaamuru watunzaji waandike vema yanayoingia na yanayotoka, tena wawape waamini hesabu ya mali waliyotoa.

Na mahindi ni ya nani? Zamani wazazi wengi walinung'unika ya kuwa watoto wanalima shamba la Padri, wala manung'uniko hayo hayakuwa bure daima. Mtoto alimaye saa moja ili ajifunze hakudhulumiwa. Bali alimaye siku nzima, mazao yakauzwa naye asijue fedha imekwenda wapi, jasho lake limechukuliwa. Mwaka 2023 bei ya unga ilipopanda sana katika Katanga, ambako mahindi mengi hutoka Zambia, kila mwenye ghala alishawishika kuuza. Lakini chungu cha wanafunzi hutangulia soko.

Swali gumu kuliko hayo ni hili. Fedha ya mbegu imefika mwezi wa Septemba, na mvua bado. Mke wa mwalimu ashikwa na uchungu wa kuzaa, mtoto hatoki, na hospitali yadai malipo. Je, mtunza-fedha afungue sanduku? Sheria ya Eklezya yasema sadaka iliyotolewa kwa kazi fulani itumiwe kwa kazi hiyo tu. Hata hivyo Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1965, ulifundisha ya kuwa mtu aliye katika shida ya mwisho ana haki ya kupata katika mali ya wengine yale yampasayo. Basi uhai wa mama hautangojea mbegu. Kosa huingia pale mtunzaji anapoamua peke yake, akificha, akijiahidi moyoni kurudisha. Awaamshe wenzake wa halmashauri, hata usiku wa manane. Waandike kiasi, sababu na majina yao. Kisha wampelekee habari aliyetoa sadaka. Mkopo wa siri kwa ajili ya mgonjwa leo, kesho huwa mkopo wa siri kwa ajili ya baiskeli.

Mtume Paulo alipowakusanyia maskini wa Yerusalemu mchango mkubwa, hakutaka kuuchukua pasipo mashahidi. Awaeleza Wakorinto katika barua yake ya pili ya kuwa ndugu mmoja alichaguliwa na makanisa kusafiri pamoja naye, ili mtu asipate la kumlaumu. Mtume huyu, aliyekwisha kupigwa na kufungwa kwa ajili ya Kristu, hakuona aibu kuhesabiwa fedha mbele ya wenzake.

Mahindi yakisha kuvunwa, mwezi wa Mei, daftari lisomwe mbele ya wazazi, kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa, na magunia yawekwe nje wayahesabu wenyewe.