Mgeni wa Baiskeli Mlangoni Petu



Mtu aondokaye Shangani, Mtwara, peke yake juu ya baiskeli, ana safari ndefu mbele yake. Huipita ghuba ya Mikindani, akafika Mingoyo, na hapo njia zagawanyika: moja yaelekea Lindi na kuifuata pwani, nyingine yaingia bara, kupitia Mtama na Ndanda hata Masasi, karibu kilomita 200 tangu alipoanza. Akichagua kuupanda uwanda wa Makonde kwenda Newala, aingia nchi isiyo na mito juu yake, ambako tangu zamani akina mama walishuka hata chini ya genge kuteka maji, wakayapandisha kichwani.

Watu husema kwamba msafiri wa namna hii ajitegemea mwenyewe. Sivyo. Baiskeli haichukui mzigo mkubwa. Maji humwishia, mpira hutoboka, usiku humkuta mbali. Mwenye motokaa aweza kuvipita vijiji kumi asimsalimu mtu. Mwenye baiskeli hana budi kubisha hodi. Aendaye peke yake ndiye ahitajiye watu wengi.

Kazimierz Nowak, mtu wa Poland, alianza safari Tripoli mwaka 1931, akaivuka Afrika hata ncha ya kusini, kisha akarudi hata Algiers mwaka 1936. Alipita Kongo na Rwanda. Njia yake yote ilikuwa kama kilomita 40,000: sehemu kubwa kwa baiskeli, nyingine kwa miguu, farasi, ngamia na mtumbwi. Nyumbani alikuwa ameacha mke na watoto wawili, akawa akiandikia magazeti ili wapate riziki. Alifariki mwaka 1937. Je, angalifika wapi, kama wasiomjua wasingalimpa maji na mahali pa kulala?

Bwana wetu Yesu Kristu atuambia katika Injili ya Mtakatifu Matayo, sura ya 25, kwamba ampokeaye mgeni ampokea Yeye. Kumnywesha mwenye kiu na kumkaribisha msafiri ni katika matendo saba ya huruma ya mwili.

Lakini wapo watakaojibu, “Nasi twaogopa.” Hofu yao si upuzi. Oktoba 2020 watu wenye silaha waliotoka ng’ambo ya Ruvuma walikishambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Baba wa nyumba ana wajibu wa kuwalinda watoto wake. Hata hivyo, Kusini hiyo hiyo iliwapokea maelfu ya ndugu wa Msumbiji waliokimbia vita vya uhuru, tangu 1964 hata 1974. Basi tufanyeje?

Mtakatifu Benedikto, ambaye wamonaki wake wapo Ndanda tangu 1906, aliamuru katika Kanuni yake kwamba wageni wote wapokewe kama Kristu mwenyewe. Lakini aliamuru pia kwamba wenyeji wasali kwanza pamoja na mgeni, ndipo wampe busu la amani, kwa sababu ya hila za shetani. Upendo na busara hukaa nyumba moja. Mtoto mmoja na alete maji. Mwingine na amwite mwenyekiti wa kijiji. Mgeni mwema hataona vibaya, na kiu yake itakuwa imekwisha.

Wengine hujikinga kwa methali: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ni methali ya haki, maana kazi ni heshima. Lakini angalieni hesabu yake: siku mbili zatangulia. Asiyetoa hata kikombe cha siku ya kwanza hana ruhusa ya kuitaja ya tatu.

Enyi wazazi, watoto hujifunza huruma mlangoni kabla ya kuisikia kanisani. Penye maji haba kikombe kimoja ni sadaka kubwa, na Mungu hapimi kwa ukubwa wa mtungi. Asikiaye hodi jioni ya leo, na ainuke.