Chombo Kizima, Mkalimani Hayupo

Je, chombo kinachofanya kazi kinaweza kuitwa kimekufa? Swali hili huenda likaonekana la mchezo, lakini mwenye kumiliki skana ya filamu ya miaka ishirini iliyopita hulikabili kila anapobadilisha kompyuta. Taa za skana zinawaka, mota inausogeza ukanda kwa hatua zilezile za siku ya kwanza, na lenzi bado inaona kila chembe. Hata hivyo, ikiunganishwa na kompyuta mpya haisemi neno, na kompyuta nayo hudai kwamba haimjui mgeni huyu. Hapo ndipo mwenye mali hushauriwa aitupe. Tunataka kuuliza hapa kama ushauri huo ni wa haki na, ikiwa si wa haki, tunawajibika kwa lipi na kwa nani.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Skana ya filamu si ile ya kunakili karatasi inayokaa maofisini. Ni mashine iliyobuniwa kusoma negativi na slaidi kwa kupitisha mwanga ndani ya filamu na kuupima mwanga huo nukta kwa nukta. Mathalani Nikon Super Coolscan 5000 ED, iliyotolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, husoma nukta 4000 kwa kila inchi, hata picha moja ya milimita 24 kwa 36 ikatoa pikseli zaidi ya milioni 21. Mbali na mwanga wa rangi tatu, inao mwanga wa nne, wa infraredi, usioonekana kwa jicho. Rangi zilizomo katika filamu ya rangi huupitisha mwanga huo, ilhali vumbi na mikwaruzo huuzuia. Kwa njia hiyo mashine hupambanua kipi ni picha na kipi ni uchafu.

Kisha zama zikageuka. Kamera za dijitali zikatwaa soko. Januari 2006 Konica Minolta ilitangaza kujiondoa katika biashara ya kamera, na baadaye Nikon nayo ikaacha kutengeneza Coolscan. Mashine zikabaki mikononi mwa watu kama mayatima: zina afya, lakini hazina wa kuzisemea.

Basi ni kitu gani hasa kilichokufa? Baina ya skana na kompyuta hukaa mkalimani, programu ndogo iitwayo kiendeshi, ambayo hugeuza matakwa ya mtumiaji yakawa amri zinazofahamika na mashine. Mkalimani huyo huandikwa kwa ajili ya mfumo maalumu wa kompyuta, na mfumo ukibadilika bila yeye kuandikwa upya, mazungumzo hukatika. Programu ya Nikon Scan iliishia zama za Windows Vista, na haikuandaliwa kwa mifumo ya biti 64 iliyokuja kuenea. Lakini watumiaji wa 5000 ED na mdogo wake, Coolscan V, waligundua jambo la kustaajabisha. Kompyuta mpya ilikuwa tayari na karibu kila inachohitaji ili kuzungumza na mashine hizo. Kilichokosekana kilikuwa mistari michache katika faili la maandishi, yenye kuitajia kompyuta jina la mgeni wake. Mashine iliyohukumiwa kufa ilikuwa imefungiwa nje kwa kukosa barua ya utambulisho.

Kwa nyingine kikwazo ni kikubwa zaidi. Coolscan LS-2000 ya mwaka 1998 hutumia kiungo cha SCSI, ambacho kompyuta za leo hazina. Super Coolscan 9000 ED hutumia FireWire, na mwaka 2025 Apple iliondoa uwezo wa kutumia FireWire katika toleo la macOS liitwalo Tahoe. Hapa mlango wenyewe umezibwa kwa tofali.

Watu wa visiwani hawana haja ya kufundishwa maana ya kutunza chombo. Jahazi hutiwa kalafati, hupakwa shahamu, na ubao uliooza hubadilishwa kabla bahari haijautambua. Lakini hayo ni maradhi ya jahazi lenyewe. Lau bandari ingejengwa upya, gati likainuliwa mno, hapana nahodha ambaye angesema chombo chake kimezama, angetafuta ngazi. Skana nyingi zinazotupwa leo zimetupwa kwa kosa la bandari.

Je, mtengenezaji analaumika? Tusimwonee. Hakuna haki inayomlazimisha mtu kuendelea kuhudumia alichokiuza hadi mwisho wa dunia. Mfanyabiashara aliyefunga duka ana ruhusa ya kupumzika. Lakini kuacha kuhudumia ni jambo moja, na kuondoka na lugha ya chombo ni jambo jingine. Aliyeuza nyumba hadaiwi kuipaka chokaa kila mwaka, ila hana haki ya kwenda zake na ufunguo. Maelezo ya namna mashine inavyoamrishwa ndiyo ufunguo wenyewe, na anapoacha kuutumia, muungwana huukabidhi.

Kwa kuwa ufunguo haukukabidhiwa, wengine walichonga wao. Ed Hamrick alianza kuitoa programu yake ya VueScan mwaka 1998, nayo huzihudumia skana nyingi zilizoachwa na watengenezaji wao. Wapo pia waandishi wa SANE, programu huria, ambao wameweka hadharani maandishi yanayoziamrisha skana hizi, kila mwenye elimu aweze kuyasoma na kuyarekebisha. Njia hizi mbili zote ni za heri, lakini hazilingani kimaadili. Ya kwanza inatufaa maadamu mwenyewe yupo na anaendelea. Ya pili imeifanya lugha ya mashine kuwa mali ya umma, isiyozikwa na mtu mmoja.

Hapa tumsikilize mpinzani, kwani hoja yake ina uzito. Atasema: kwa nini taabu zote hizi? Chukua kamera ya dijitali yenye lenzi ya kupigia vitu vya karibu, iweke juu ya negativi iliyomulikwa kwa chini, upige. Utamaliza kwa sekunde kazi ambayo skana huifanya kwa dakika. Tena wengi wanaoshikilia mashine kongwe wanapenda mashine tu. Wanaitengeneza leo ili waitengeneze kesho, na picha hazisomwi.

Kwa upande mmoja mpinzani amesema kweli. Filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe imejengwa kwa chembe za fedha, na fedha huuzuia mwanga wa infraredi kama vumbi lizuiavyo, hata mashine ikashindwa kutenganisha uso wa mtu na uchafu. Kwa filamu hiyo mwanga wa nne haufai, na kamera nzuri yatosha. Lakini kwa negativi za rangi zilizokwaruzika na kujaa vumbi, ambazo ndizo zilizolala kwa wingi katika bahasha na makopo ya biskuti majumbani, skana kongwe bado inaona lisiloonwa na kamera. Hukumu basi ifuate kazi. Ikiwa pana njia nyingine inayoisoma picha vilevile, kuing'ang'ania mashine ni mapenzi, na mapenzi si wajibu. Ikiwa hapana, kuitupa ni kuvunja amana.

Amana ya nani? Si ya mashine, kwani chuma hakidai. Ni ya waliomo katika filamu. Tazama negativi ukiielekeza dirishani: kanzu nyeupe imekuwa nyeusi, buibui jeusi limekuwa jeupe, na uso wa bibi harusi haujulikani ni wa nani. Ushahidi upo, lakini umeandikwa kinyume. Pengine picha iliyosafishwa iliraruka au iliazimwa isirejeshwe, na hapana nyingine. Tena filamu haingoji. Ile ya asetati huoza yenyewe, ikatoa harufu ya siki, na joto na unyevu wa pwani huiharakisha. Ukungu hula jelatini, na rangi hufifia hata gizani. Mashine inaweza kukaa kabatini miaka kumi ikaamka. Uso uliokwisha kufifia hauamki.

Kutokana na hayo tunaona kwamba wajibu huu una masharti. Mwenye kuitunza mashine na aitumie, kwa maana amana isiyotekelezwa ni uzuizi. Aiwekee kompyuta yake kongwe, ile iliyokubaliana nayo, na asiiunganishe na intaneti, kwani mfumo usiopata tena marekebisho ya usalama ni nyumba isiyo komeo. Ahifadhi nakala za programu na aandike hatua alizopita, ili ajaye asianze upya. Awakaribishe jirani na negativi zao, kwa kuwa mashine adimu mtaani si ya mtu mmoja. Na akisha kusoma, asiitupe filamu. Faili alilolipata nalo litahitaji mkalimani wake siku moja, ilhali filamu haihitaji ila mwanga na jicho.

Wahenga walituusia tusiache mbacha wetu kwa msala upitao. Nasi tusiuabudu mbacha. Tuutandike, tuukalie, tumalize shughuli iliyotukutanisha. Na siku ambayo negativi ya mwisho itakuwa imesomwa, mashine ina haki ya kupumzika, na hatutakuwa na deni kwa waliomo ndani yake.