Meli Tatu na Hesabu ya Gesi

Desemba 1969, ndani ya mwezi mmoja, meli tatu kubwa za mafuta zililipuka zikiwa safarini kandokando ya Afrika. Marpessa ilizama upande wa Dakar. Mactra ilipasuka sitaha katika Mlango-Bahari wa Msumbiji, ikafikishwa Durban ikiwa na jeraha la kutisha. Siku moja baada yake ikalipuka Kong Haakon VII ya Norway, huko Afrika Magharibi. Kila moja ilibeba kiasi cha tani 200,000 za mafuta ikijaa, lakini siku hizo hazikuwa na shehena. Zilikuwa zinarudi Ghuba ya Uajemi kupakia.

Utupu huo ndio uliowaponza mabaharia. Walikuwa wanaosha matangi kwa mitambo ya kurusha maji kwa nguvu, kazi ya kawaida kabisa. Maji hayo yalipopiga kuta yalizua ukungu wenye umeme tuli, na ndani ya tangi kulikuwa na mvuke wa mafuta uliochanganyika na hewa. Cheche moja ilitosha.

Cheche huwezi kuzimaliza zote. Oksijeni waweza. Hewa tunayovuta ina oksijeni 21%. Ikishuka chini ya takriban 11%, mvuke wa mafuta hauwaki hata ukichokozwa. Ndiyo maana meli zikaanza kuchukua moshi wa boila zao, zikausafisha na kuupoza kwa maji ya bahari, kisha zikaujaza kwenye matangi. Hata hivyo, meli zilizochelewa zilikuwa nyingi. Mwaka 1976 Sansinena, isiyokuwa na mfumo huo, ililipuka bandarini Los Angeles na kuua watu 9. Sheria za kimataifa zikakazwa mwaka 1978.

Kanuni hizo zinataka gesi inayoingia isizidi oksijeni 5%, na ndani ya tangi isizidi 8%. Hayo watu wanayakariri. Sharti wanalolipita haraka ni hili: mtambo uwe na uwezo wa kutoa gesi 125% ya kasi ya pampu zote za kupakulia zikifanya kazi pamoja. Kwa nini isipungue kasi ya pampu? Kwa sababu kila lita ya mafuta inayotoka huacha nafasi ya lita moja, na nafasi hiyo lazima ijazwe na kitu. Gesi ikipungukiwa, hewa itaziba pengo.

Bohari za nchi kavu, zinazotumia naitrojeni badala ya moshi kwenye matangi yenye paa lisiloelea, zina adui wa ziada: mvua. Chukua tangi lenye nafasi tupu ya mita za ujazo 8,000. Saa nane mchana jua limeipasha gesi ya ndani hadi nyuzi 50. Mvua kubwa inashuka, bati linapoa, gesi inarudi nyuzi 30. Gesi hiyo inasinyaa kwa zaidi ya 6%, yaani karibu mita za ujazo 500, kama chupa ya plastiki inayokunjamana ukiifunga ikiwa na hewa ya moto. Ikiwa yote hayo yanatokea ndani ya saa moja, na pampu inavuta mita za ujazo 500 kwa saa, hitaji la naitrojeni limekuwa maradufu. Mvuke wa mafuta ukipoa na kuwa matone, hitaji huongezeka tena.

Sasa mnunuzi wa mtambo wa naitrojeni amepiga hesabu ya wastani. Bohari hutoa mita za ujazo 3,000 kwa siku, akagawanya kwa saa 24, akapata 125 kwa saa. Akaongeza maradufu kwa usalama, akaagiza 250, akalala usingizi mnono. Lakini pampu haijui wastani. Ikivuta 500, nusu ya nafasi inajazwa na hewa, na oksijeni inakaribia 10.5% hata kabla ya mvua, tukiuweka kando mvuke wa mafuta. Mvua ikinyesha, inavuka 11%. Mtambo mdogo unaweza kutumika, mradi pawe na akiba ya naitrojeni iliyohifadhiwa kwa ajili ya saa hiyo mbaya, na bomba na vali ya kupitishia viwe vikubwa vya kutosha.

Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba kosa hili halipigi kelele. Paa la tangi ni jembamba na halistahimili kunyonywa, kwa hiyo huwekwa vali ya kuingiza hewa ili lisibonyee. Vali hiyo inaokoa chuma huku ikikaribisha oksijeni. Tangi linabaki limesimama, kila mtu anaridhika.

Vali ya naitrojeni ipangwe kufunguka kwanza, shinikizo linapoanza tu kushuka. Ya hewa ifunguke mwisho kabisa. Siku ya mvua kubwa, pampu zikiwa kazini, fundi asome geji akiwa chini, wala asichungulie kwenye tundu la paa, maana naitrojeni humwangusha mtu kabla hajahisi chochote. Vali ya hewa ikifunguka siku hiyo, gesi iliyoagizwa haitoshi, na upakuaji usimame hapo hapo.